Kigelegele Nilichoahidiwa

Jezi niliinunua kwenye duka la mitumba la kanisa pale Blacktown, hapa Sydney, mwezi wa saba, baridi imeniingia mpaka kwenye mifupa. Ilikuwa pana, unavaa masweta mawili ndani na bado unapumua. Mgongoni ilikuwa na namba na jina la mtu nisiyemjua. Siku niliyoivaa kazini, kwenye ghala la vyakula vya barafu kule Wetherill Park, dereva mmoja wa foklifti aliyewahi kuishi Marekani nusura aanguke kwenye kiti chake. Akaniambia hiyo ni jezi ya timu ya mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na mabega ya bandia, timu ya huko pwani yao ya magharibi. Mwenye jina la mgongoni alishauzwa zamani. Lakini mwaka huu, akasema, wamepata kocha mpya, na mwaka huu ndio wao. Mimi ni mtu wa kuambiwa na kuamini. Nikaamini.

Wengine timu wanarithi kwa baba. Yangu niliipata kwenye mtumba, na sikujiuliza kwa nini mwenyewe aliitoa.

Msimu ulianza mwezi wa tisa. Jumapili mchana ya Marekani kwetu ni Jumatatu asubuhi, na chaneli moja ya bure ilikuwa ikionyesha. Jumatatu nilikuwa naingia kazini saa nane mchana, mke wangu ameshaondoka, watoto wako shule, nyumba yote ya Doonside ni yangu mimi na birika la chai. Na mtani wangu.

Huyu mtani lazima nimweleze. Mimi ni Mzaramo wa Kisarawe, yeye ni Mnyamwezi wa Tabora. Kwa Mtanzania hapo nimeshamaliza, lakini wako wanaohitaji kuelezwa. Tangu zama za misafara, Wanyamwezi wanabeba mizigo kuja pwani na kupita kwetu, makabila yetu mawili ni watani. Mtani anakutukana, anachukua sahani yako ya wali, anakwambia mkeo alikosea njia, na huna ruhusa ya kununa. Ukinuna ndiyo umeharibu. Yeye alikuwa nesi kwenye nyumba ya wazee, anafanya kazi wikiendi, Jumatatu anapumzika. Anapanda treni Seven Hills, anashuka Doonside, anakuja na mihogo ya kuganda kutoka duka la Wahindi. Mlangoni hagongi. Anasema tu, "Mzaramo, fungua, mzigo umefika," nami namjibu, "Weka hapo chini, mpagazi wangu, usiniharibie zulia." Tulikutana hapahapa Sydney, watu wazima, lakini siku ile ya kwanza tuliyoambiana makwetu tulianza kutukanana kana kwamba tumekua pamoja.

Mwaka ule alikuwa na jambo lake moja, na wote tuliomjua tulilijua. Mama yake alikuwa mgonjwa. Ilianza presha, ikafuata figo. Hakuwa amemwona tangu aje Australia. Tiketi yake ilikuwa ya Januari, kwa sababu kazini kwake Krismasi hawamwachii mtu, na kwa sababu mama mwenyewe alishasema asije mbiombio kama mtu anayefuata msiba. "Njoo Januari nimeshapona, nikuchinjie kuku." Basi tulikuwa tunaisubiri Januari. Alichotaka ni kufika amkute, basi, hakuwa na ombi jingine duniani.

Timu yangu ilifungwa mechi ya kwanza. Nikasema kocha mpya, apewe muda. Ikafungwa ya pili. Ya tatu walichapwa mpaka mashabiki wao wakaanza kutoka uwanjani kabla ya mapumziko, nami nikarusha rimoti kwenye kochi, ikadunda, ikamgonga mtani wangu kwenye goti. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye zulia. "Mzaramo! Hata kwenye mtumba umechagua timu iliyotoboka!"

Huo mchezo una sheria moja tu ambayo inabidi uijue. Timu ikiwa na mpira inapewa nafasi nne za kusogea yadi kumi. Ikishindwa, mpira unachukuliwa na wapinzani palepale. Kwa hiyo ikifika nafasi ya nne na bado wako mbali, makocha wenye akili timamu wanaamuru mpira upigwe mbele, mbali kabisa, wapinzani wakauanzie huko kwao. Kocha wetu mpya hapigi. Iwe yadi moja, iwe nane, iwe wako langoni kwao wenyewe, yeye anasimama pembeni anatafuna jojo, anatikisa kichwa: jaribuni. Wanajaribu. Wanaangushwa kama magunia. Mpira unachukuliwa. Nilikuwa nasimama mbele ya televisheni napiga kelele, "Piga, bwana! Piga uende!" mpaka jirani yangu Mfilipino akaniuliza kwenye mapipa ya taka kama nyumbani ni salama.

Mechi ikiisha tunakula mihogo, na ikifika saa saba mchana tunampigia mama. Tabora kumi na moja alfajiri, yeye ameshaamka, ameshasali, amekaa kwenye kigoda chake anasubiri simu. Mtani wangu anaweka spika, simu anaiegemeza kwenye bakuli la sukari. Habari za afya zilikuwa fupi. "Nipo, nimemeza dawa zao." Kisha sauti inabadilika, inakuwa ya mtu aliyekaa vizuri. "Haya. Timu ya huyo Mzaramo?"

"Wamefungwa, mama."

"Tena?"

"Tena."

Siku moja akataka kuelezwa wanafungwaje. Mwanawe akamweleza zile nafasi nne, kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kinyamwezi na vitendo vya mikono ambavyo mama hakuviona. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Sasa mbona hapigi?"

"Hataki, mama. Anasema wajaribu."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Jogoo akawika huko kwao. Kisha mama akauliza, taratibu kabisa, kama daktari anayemhoji mgonjwa, "Kocha wao ni Mzaramo?"

Loh! Mtani wangu alitoka nje. Nilimwona dirishani ameshika kamba ya nguo, mabega yanamtetemeka. Mimi nikabaki na yule mama peke yangu. Nikamwambia mama, umenionea. Akasema hajanionea, anauliza tu, maana kwao watu wa aina hiyo wanajulikana: kazi ya dakika moja wanaicheza ngoma ya wiki. Kisha akatoa ahadi. "Siku mkishinda, niambie mapema. Nitakupigia kigelegele Tabora nzima waulize kuna harusi ya nani."

Tangu siku hiyo ikawa ndiyo desturi. Wamefungwa, tena, kocha wao ni Mzaramo, kigelegele chako ninacho, nimekikalia. Hata alipolazwa aliuliza, nyuma yake magurudumu ya kitanda yanapita na manesi wanaitana. Sauti ilikuwa imepungua, inabidi tuzime feni ili tusikie. Lakini aliuliza.

Mwezi wa kumi ukaisha, timu haijashinda hata mechi moja. Mwanangu mkubwa, anayeelewa Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza chake cha Doonside, akaniambia kwamba shuleni amewaambia wenzake baba yake hana timu. Nilichoka. Mimi si mtu wa kuvumilia upuuzi kwa hiari yangu. Jumatatu moja nikaikunja jezi, nikaiweka juu ya kabati, na mtani wangu alipoingia nikamtangazia kwamba basi, nimekoma, kuanzia leo mimi naangalia kriketi kama binadamu wengine wa nchi hii.

Nilitegemea acheke. Hakucheka. Alibaki amesimama na mfuko wake wa mihogo mkononi, uso umemshuka kama mtoto aliyeambiwa safari imeahirishwa. Akasema, "Sasa mama nitamwambia nini?"

Nilimtazama. Ndipo nikaona alivyokonda. Shati lilikuwa linamning'inia. Nikakumbuka kwamba wiki ile nzima, kila tulipoongea kwa simu, alikuwa akinitajia majina ya vipimo, namba za figo, daktari kasema hivi, dada kasema vile, bila kupumua. Jumatatu peke yake ndiyo alikuwa anacheka. Na mama pia, kule kitandani, pengine hiyo Jumatatu ndiyo ilikuwa siku pekee ambayo hakuulizwa anajisikiaje. Nikapanda kiti, nikaitoa ile jezi juu ya kabati, nikaivaa. Nilikuwa na hasira, sijui na nani. "Kaa," nikamwambia. "Leo wanashinda."

Walifungwa.

Taarifa ilikuja Alhamisi moja mwishoni mwa Novemba. Dada yake alipiga yeye akiwa kwenye treni anarudi kutoka kuchukua dawa za shinikizo la damu, zake mwenyewe, maana na yeye presha ilishampanda. Alishuka Seven Hills, akatembea mpaka nyumbani, akakaa kwenye kochi. Hapo ndipo nilipomkuta. Mazishi yalikuwa Jumamosi, na ndege yoyote ambayo angepanda isingemfikisha Tabora kabla ya jeneza kushushwa. Tulizitazama picha kwenye WhatsApp: kaburi, mashada, kanga za akina mama. Alizitazama zote. Hakulia. Ukimpa chai anashika kikombe mpaka kinapoa.

Nyumba yake ilijaa. Tanzania, Kenya, Burundi, Kongo, wote walikuja, na mwenyekiti wa jumuiya yetu, Mkenya mmoja mpole wa suti, akapanga kila kitu kwa utaratibu: sala, wimbo, neno, sala. Watu walikaa wameinamisha vichwa. Walizungumza kwa kunong'ona. Mimi nilibeba viti, nilipika wali, niliosha masufuria, maana kazi za msibani ni za mtani. Lakini hiyo ni nusu tu ya kazi ya mtani. Nusu nyingine nilikuwa sijaianza.

Kwetu, kwenye msiba wa Mnyamwezi, Mzaramo haji kunong'ona. Anakuja kufanya fujo. Anamuigiza marehemu, anamsema vibaya, analala kwenye njia ya jeneza anadai haki yake, na wafiwa wanavumilia, na mahali fulani katikati ya hiyo fujo mfiwa anacheka, na akishacheka analia, na akishalia anaweza kula. Nimeona babu yangu akifanya hivyo. Lakini babu yangu alikuwa Kisarawe, kila mtu anaelewa. Hapa nilikuwa Seven Hills, na sebule imejaa watu ambao wangeniona mwendawazimu. Hakukuwa na Mzaramo mwingine. Jumamosi niliogopa. Jumapili niliogopa tena. Usiku huo mke wangu akaniambia, "Baba, yule ndugu yako hajala tangu Alhamisi. Unamngoja nani?"

Jumatatu asubuhi nikavaa jezi.

Niliingia wakiwa katikati ya wimbo. Nikapita mbele ya watu wote, nikachukua rimoti mezani, nikawasha televisheni. Wimbo ukafa. Uwanja ukatokea, kijani, na timu yangu tayari iko nyuma. Mwenyekiti akaja akanishika kiwiko. "Buda," akaninong'oneza, "hii ni matanga. Hebu zima hiyo kitu."

"Mimi ni mtani," nikamwambia. Hakuelewa, na sikuwa na nafasi ya kumwelewesha. Mke wangu akamvuta pembeni.

Nikakaa chini kwenye zulia mbele ya mtani wangu, nikaangalia mpira kama vile tuko Doonside. Haikuchukua muda. Nafasi ya nne, yadi sita, na yule bwana wa jojo akatikisa kichwa: jaribuni. Nikajifunga leso ya mke wangu kichwani. Nikaikunja sauti yangu ikawa nyembamba, ya mtu aliyekaa kwenye kigoda alfajiri. "Sasa mbona hapigi?"

Mtu mmoja nyuma alisema Yesu wangu. Mtani wangu hakutikisika.

"Kila siku?" nikaendelea. "Kocha wao ni Mzaramo?"

Akainua kichwa. Kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi alinitazama mimi, si ukuta ulio nyuma yangu. Nilishaingia, na mtani akishaingia harudi nyuma. Nikaenda nikajilaza mlangoni, kizingitini, mtu haingii hatoki, nikapaza sauti. "Watu wote mnisikie! Huyu mama aliniahidi kigelegele. Mbele ya shahidi, huyo hapo! Ameondoka hajanipigia. Wanyamwezi ndivyo mlivyo. Mizigo ya watu mnaibeba mpaka baharini, ahadi ndogo hivi imewashinda. Siondoki hapa. Nitalala hapahapa mpaka nipewe haki yangu!"

Nilikuwa nasikia feni. Nikawaza, nimemuua rafiki yangu.

"Shinda kwanza."

Sauti ilikuwa ya kukwaruza, haijatumika siku nyingi. Nikainua shingo. "Unasemaje?"

"Nimesema shinda kwanza." Alikuwa ananinyooshea kidole. "Mama alisema mkishinda. Mmeshinda lini, nyie? Mmeshinda lini? Mtumba wewe!"

Na hapo akacheka. Alicheka kile kicheko chake cha Jumatatu, cha mdomo wazi, na katikati kikageuka, kikawa kitu kingine, akaanguka mbele na kulia mama, mama, mama, kwa sauti kubwa kabisa, na nikaruka kutoka pale mlangoni nikamshika. Nililia na mimi. Simwonei mtu haya. Baadaye alikula ugali na mchicha, akaomba wa pili.

Jioni mwenyekiti alikuja kunikuta nasugua sufuria. Akaniuliza kama ile ni desturi yetu kweli. Nikamwambia ndiyo. Akafikiri. "Siku yangu ikifika," akasema, "tafadhali usikuje." Nikamwambia asiwe na wasiwasi, yeye si mtani wangu, tutamzika kwa adabu zote.

Kazini kwake walimruhusu aondoke katikati ya Disemba, awahi arobaini. Nilimpeleka uwanja wa ndege. Alinitukana mpaka kwenye mlango wa ukaguzi.

Timu yangu ilicheza mechi ya mwisho Jumatatu moja ya joto kali, mapazia yote yamefungwa, watoto wako likizo wanamwagiana maji nje. Niliiangalia peke yangu. Kulikuwa na dakika, karibu na mwisho, ambapo walikuwa mbele. Kweli, mbele! Nilikuwa nimesimama, nimeshika kichwa. Kisha ikaja nafasi ya nne, wako kwao wenyewe, yadi mbili, na hata mtoto mchanga angejua kwamba hapa unapiga mpira uende zako nyumbani na ushindi. Kocha akatafuna. Akatikisa kichwa. Sina haja ya kusimulia kilichofuata. Msimu mzima, hata mechi moja, na kabla sijainuka kwenye kochi mtangazaji alishaanza kusema kwamba watatafuta kocha mwingine.

Saa saba nikapiga Tabora, mkono wenyewe ndio ulioinua simu. Alipokea mara moja. Nyuma yake nilisikia masufuria, kuni zinapasuliwa, wanawake wengi. Walikuwa wanajiandaa na arobaini. Akaweka spika bila kuambiwa.

"Haya," ikasema sauti. "Timu ya huyo Mzaramo?"

Nikashika ukingo wa meza. Ilikuwa sauti ileile. Ileile kabisa, na ule ukwaruzo mwishoni.

"Ni mama mdogo," mtani wangu akasema haraka. "Nilimsimulia. Wanafanana sauti, samahani, nilisahau kukwambia."

Nikaisogelea simu. "Wamefungwa, mama."

"Tena?"

"Tena. Msimu umekwisha."

"Hawakushinda hata mara moja?"

"Hata moja, mama."

Alivuta pumzi. Nikamsikia anaweka kitu chini, mwiko labda, au kisu. "Hapana," akasema. "Dada yangu hawezi kulala pale na ahadi ya Mzaramo shingoni. Atatusumbua sisi." Akawageukia wenzake, akasema maneno ya Kinyamwezi nisiyoyajua, na mwanamke mmoja akaguna, mwingine akacheka. Kisha wakapiga. Alianza yeye, peke yake, juu sana, wakafuata wote, jiko zima, kwa muda mrefu kuliko nilivyostahili, na simu yangu ndogo ikawa inatetemeka juu ya meza pale Doonside na watoto wangu wakaacha maji wakaja mlangoni kusikiliza.

Iliponyamaza, mtani wangu akasogeza mdomo kwenye simu. Alikuwa analia na hakuwa anaficha.

"Mzaramo. Umepokea?"

"Nimepokea, mpagazi wangu," nikasema. "Mzigo umefika."